Kuwa fundi kwa mtambo wa stima ya maji huku Western: vile unaingia na vile unakaa bila kuumia

Huku Kisumu ukisema wewe ni fundi wa stima, swali la kwanza ni kama unaweza kuja Jumamosi kufunga soketi mbili na kuangalia mbona mita inakula tokeni haraka. Kazi ya pawahausi, yaani jengo lenye mashini za kutoa stima, ni ingine kabisa, na ndio maana naandika hii, ju kila mwaka vijana wanamaliza diploma wakidhani wataingia pale wakae mbele ya skrini wakibonyeza, halafu wiki ya pili wako chini kabisa ya jengo na tochi mdomoni wakifungua chujio limejaa matope na nyasi. Hiyo ya chujio ndio kazi yenyewe, skrini inakuja baadaye.

Nitaongea na fundi, yaani yule wa cheti ama diploma, sio injinia. Na nitaongea zaidi juu ya mitambo ya mto, ju ndio tuko nayo hapa karibu. Sondu Miriu iko Nyakach, megawati 60, tabaini (mashini ya kuzungushwa na maji) mbili za aina ya Francis, maji inatolewa mtoni inapita kwa handaki ya kama kilomita 6 kabla iteremke kwa bomba. Ikishatoka hapo haiachiwi irudi mtoni hivi hivi, inapitishwa kwa mtaro mpaka Sang'oro ambayo ni megawati 21 hivi, iliingia kazini 2012, ndio sasa irudi Sondu iende ziwani. Maji ileile, stima mara mbili. Ukienda Migori kuna Gogo, kadogo, kwa miaka mingi kalikuwa ka megawati 2, kalijengwa miaka ya 1950 na bado mtu akikataja mafundi wazee wanatabasamu. Kaskazini West Pokot kuna Turkwel ya megawati 106, hiyo ni bwawa la ukweli, ukuta wa mita 153, sio ya kutegemea mto wa siku hiyo. Na kule Kericho kampuni za majani chai zimekuwa na mitambo yao midogo ya maji miaka mingi, watu wengi huwa hawafikirii kuomba huko na ni makosa, ju kwa mtambo mdogo fundi anashika kila kitu, kwa mkubwa unaweza kaa mwaka mzima upande mmoja tu.

Masomo

Hapa sitakaa sana. Diploma ya umeme upande wa pawa, ama ya mekanika upande wa planti, zote zinaingia. Kisumu National Polytechnic iko, Sigalagala iko, Eldoret, Kisii, na kwa watu wa Nakuru kuna chuo watu wamezoea kuita RVIST. Wengine wanaenda mpaka Nairobi kwa taasisi ya Kenya Power pale Ruaraka. Kama huna diploma lakini una mikono, fanya trade test za NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwanda, grade three mpaka one, kuna mafundi wazuri sana waliingilia hapo kama wasaidizi wakapanda. Ukimaliza diploma jiandikishe na KETRB, hiyo ndio bodi ya mafundi na teknolojisti, usichanganye na ile leseni ya EPRA, mdhibiti wa kawi, ya waya za majumba, hiyo ni njia ingine.

Kitu moja tu nitasisitiza. Kama ulisomea umeme, jifunze mekanika kidogo, na kama ulisomea mekanika jifunze kusoma michoro ya umeme. Usiku shifti iko na watu wachache, pampu ikikataa kuwaka haitakuuliza ulisoma nini. Inaweza kuwa ni fyuzi, inaweza kuwa ni kaplingi imevunjika, na wewe ndio uko hapo.

Elewa maji kwanza

Watu wa umeme wanaharakisha kwa jenereta. Tulia. Stima yote hapo inatoka kwa vitu viwili, maji ngapi inapita kwa sekunde na inaanguka kutoka juu kiasi gani. Chukua 9.81 uzidishe na kyubiki mita kwa sekunde, uzidishe na mita za mwinamo, uzidishe na ufanisi wa mtambo, unapata kilowati. Mfano, kyubiki mita 10 kwa sekunde, mita 100, ufanisi asilimia 90, ni kama kilowati 8,800, yaani megawati 8.8. Fanya hiyo hesabu mpaka iwe kwa kichwa, ju ndio inakuambia kama mtambo uko sawa. Maji ni ileile ya jana, geti za kuingiza maji zimefunguka vile vile, lakini megawati zimeshuka? Basi kuna mahali maji inapotelea, ama takataka zimeziba huko juu, ama rana, lile gurudumu la tabaini lenye blade, imeanza kuliwa. Skrini haitakuandikia hivyo, itakuandikia namba tu.

Na hizi zetu za mto hazina ghala. Mvua ikipiga Mau mto unapanda, kiangazi cha Januari na Februari mto unashuka na unaweza jikuta mnaendesha mashini moja kwa nguvu kidogo ama mnazima kabisa, na hata hapo lazima maji kiasi iachwe ipite mtoni kwa watu na samaki walio chini, hauruhusiwi kukausha mto ndio uuze stima. Sasa hicho kiangazi ndio msimu wa kazi kubwa za matengenezo. Kwa hivyo ukitaka kuingia kama kibarua wa mkataba wa ovaholi (kufungua mashini yote na kuirekebisha), tafuta nafasi kabla ya kiangazi sio katikati ya mvua za Aprili.

Wiki za kwanza: fuata bomba na miguu

Usianze na manyuali. Omba mtu wa shifti akuonyeshe inteki, pale maji inatolewa mtoni, halafu tembea. Inteki, vyuma vya kuzuia takataka, sehemu ya kutulizia matope, handaki ama mtaro, tangi ya kupokea msukumo, penstoki (bomba la kuteremsha maji), valvu kubwa ya kuingilia, lile bomba lililojipinda kuzunguka tabaini, wiketi geti (vile vimilango vya kupima maji inayoingia kwa rana), rana, drafti tyubu (bomba la kutolea maji chini ya rana), maji nje. Ukishamaliza maji rudi ufuate oili: tangi, pampu, akyumuleta, gavana (wa mtambo, kifaa cha kushika spidi, sio wa kaunti), mpaka zile pistoni za kusukuma geti. Halafu maji ya kupoza. Halafu hewa ya breki. Halafu ndio umeme: eksaita (inayoipa rota stima ya kuwa sumaku), rota inayozunguka, stata iliyosimama, breka (swichi kubwa), transfoma, yadi, laini. Chora kila moja kwa daftari lako kwa mkono, mchoro mbaya ni sawa, ilimradi unajua kila valvu iko wapi gizani. Nasema gizani ju mtambo ukianguka na taa zikaenda utakuwa unatafuta hiyo valvu na tochi, na jengo lina ngazi nyingi kuliko unavyodhani.

Sasa raundi. Kila saa ama kila masaa mawili, kulingana na kituo, unazunguka na logu shiti, karatasi ya kuandika vipimo. Hapa ndio fundi anatofautiana na mtu wa kujaza makaratasi. Utaona vijana wanaandika halijoto ya beringi kutoka kwa ile iliyoandikwa saa iliyopita, 58, 58, 58, 59 ndio ikae kama imepimwa. Usifanye hivyo hata siku moja, na si kwa sababu ya bosi. Ile shiti ndio macho ya mtu wa shifti inayofuata. Beringi haiharibiki ghafla mara nyingi, inapanda digrii moja leo, nusu kesho, na kama mmeandika uongo wiki mbili hakuna mtu ataona hiyo ngazi.

Nikupe mfano wa kitu kidogo cha kuangalia kwa raundi. Kwa tangi ya oili ya beringi ya thrasti kuna kioo kidogo cha kuonyesha level. Wengi wanaangalia kama oili iko, wanapita. Wewe angalia imesimama wapi kulinganisha na alama ya jana, mashini ikiwa kwa hali ileile, ju oili ikipata joto pia inapanda kidogo. Ikishuka, oili inatoka mahali, na mahali penyewe panaweza kuwa mtoni, hiyo ni shida na majirani, na NEMA (watu wa mazingira) juu yake. Lakini ikipanda bila mtu kuongeza, hiyo ndio mbaya zaidi, manake ndani ya tangi kuna kipoza oili chenye maji inapita kwa mirija, na mrija mmoja umetoboka, maji inaingia kwa oili. Fungua kidogo pale chini utoe sampuli kwa chupa safi. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa umeshapata jibu, piga simu usingoje asubuhi. Mashini yote, rota na rana na msukumo wa maji, imekaa juu ya filamu nyembamba ya oili. Ikiwa na maji filamu inakatika, na hiyo beringi si kitu utapata duka la spea Kondele.

Vingine vya raundi nitavitaja haraka: harufu, kabla ya chochote nusa hewa ukiingia ngazi ya jenereta, insulesheni inayochomeka ina harufu yake hutasahau. Brashi za kaboni, angalia cheche na urefu wake, na vumbi lake ni jeusi linapitisha stima kwa hivyo lisafishwe mashini ikiwa imezimwa na imetengwa. Maji ya sili ya shafti, inatakiwa idondoke ama itiririke kidogo kulingana na aina, ikizidi unaandika. Pampu za kutoa maji chini ya jengo, hakikisha zinawaka na kuzima zenyewe, ju pawahausi iko chini kuliko watu wanavyofikiria na zikikataa usiku asubuhi mnaogelea. Na betri. Watu wanadharau rumu ya betri. Relei za kulinda mtambo na koili za kufungua breka zinategemea ile DC, stima ya betri, kama DC imekufa basi hitilafu ikija hakuna kitu kitatrip, yaani kujizima, itaendelea mpaka kitu kiyeyuke. Pima volti, angalia maji ya betri, sugua kutu kwa vichwa. Nusu saa.

Sikiliza mashini

Hii haifundishwi darasani. Kila mashini ina sauti yake kwa kila mzigo. Tabaini ya Francis ikiwa kwa mzigo wa katikati, kama nusu hivi ya nguvu yake, huwa inasumbua, maji ikitoka chini ya rana inajisokota inapiga drafti tyubu, sakafu inatetemeka, megawati zinacheza. Haimaanishi imeharibika, inamaanisha usiiache hapo muda mrefu, pandisha ama shusha upite hiyo zoni haraka. Lakini ukisikia sauti kama changarawe inapita ndani ya bomba na hakuna changarawe, hiyo ni mapovu ya mvuke yanapasuka kwa uso wa rana, na kila moja linang'oa kipande kidogo cha chuma. Mkija kufungua wakati wa kiangazi mtaona mashimo pembeni za blade, yanajazwa kwa kuchomelea chuma cha pua na kusagwa irudi shepu. Kazi ya mikono ya ukweli hiyo, na anayeiweza halali njaa.

Na usizoee mtetemo. Agosti 17, 2009 huko Urusi, mtambo wa Sayano-Shushenskaya, mashini namba 2 ilikuwa inatetemeka kupita kiasi na ikaachwa ifanye kazi, boliti za kushikilia kifuniko cha tabaini zikawa zimechoka, zikakatika, mashini ikarushwa juu na maji ikajaa jengo. Watu 75 walikufa. Mtambo mkubwa kuliko stima yote ya Kenya, na waliangushwa na boliti. Kwa hivyo ukiona namba ya vaibresheni imekaa juu na kila mtu anasema "hiyo huwa hivyo tu", wewe iandike, halafu iandike tena kesho.

Kuwasha na kuzima

Siku hizi kompyuta inafanya yenyewe, lakini lazima ujue hatua, ju inapokwama katikati inakuambia tu hatua namba fulani haijakamilika na inakungoja.

Kabla ya kuwasha: permiti (ruhusa za kazi za maandishi) zote zimerudishwa na watu wametoka ndani, hii ni ya kwanza hata kabla ya oili. Breki zimeachia. Maji ya kupoza inapita. Presha ya oili ya gavana iko sawa. Kufuli ya wiketi geti imetolewa. Halafu valvu kubwa. Haifunguliwi kwa nguvu penstoki ikiwa imejaa upande mmoja na upande mwingine uko tupu, unafungua kwanza ile ndogo ya pembeni maji ijaze mpaka presha ilingane pande zote, ndio kubwa ifunguke bila kugombana. Kama mashini ina pampu ya kuinua shafti kwa oili ya presha, iwashe. Sasa geti zinafunguka kidogo, rana inaanza, na hapo hata kama umefanya kazi miaka mingi unasimama usikize. Ikifika karibu asilimia 95 ya spidi eksaitesheni inaingia, volti inapanda.

Spidi yenyewe si ya kubahatisha. Gridi yetu, yaani mtandao wa stima wa nchi, ni hetsi 50, chukua 6,000 ugawe kwa idadi ya poli (ncha za sumaku) za rota. Poli 12, mizunguko 500 kwa dakika. Wengi kwa intavyuu wanaanguka hapa na ni hesabu ya darasa la tano.

Kuingia kwa gridi: volti zilingane, frikwensi zilingane, na mshale wa sinkroskopu (kipimo kama saa cha kulinganisha mashini na gridi) uwe unazunguka polepole kuelekea upande wa saa, yaani mashini yako iko haraka kidogo tu kuliko gridi. Breka inafungwa mshale ukikaribia 12, sio ukishapita. Ukifunga vibaya jengo lote litajua, na shafti itajua zaidi. Ikishaingia mpe mzigo kidogo mara moja isije ikageuka ikavutwa na gridi kama mota, halafu panda polepole vile kontroo senta wamesema.

Kuzima ni kinyume, shusha mzigo, fungua breka, toa eksaitesheni, funga geti. Mashini ikifika spidi ya chini breki za hewa zinashika. Kijana mmoja aliniuliza mbona isiachwe tu isimame polepole yenyewe. Kwa sababu ya ileile filamu ya oili, spidi ikiwa ndogo sana haijengeki, chuma kinaanza kugusa chuma, kwa hivyo hutaki mashini itambae dakika kumi. Na kama geti zimefungwa na bado inatambaa, inakataa kusimama, hiyo ni habari: geti zinavuja, matope imezila.

Dharura nayo ni hivi, laini ikitrip nje mzigo unatoka ghafla, maji bado inasukuma, mashini inakimbia. Gavana anafunga geti. Lakini hafungi papo hapo, ana muda wake uliopimwa, ju ukisimamisha maji yote ya kilomita za bomba kwa mara moja presha inaruka na inaweza kupasua penstoki. Ndio maana kuna ile tangi ya kupokea msukumo. Kwa hivyo usiwahi, nasema usiwahi, kubadilisha muda wa kufunga geti ati mtambo uwe unarudi haraka.

Permiti, kufuli, na kwa nini usione haya

Hapa nitakuwa mkali kidogo. Kila fundi awe na kufuli yake na ufunguo wake mfukoni, sio kwa supavaiza, sio kwa kabati. Unataka kuingia kwa drafti tyubu ama ndani ya lile bomba la kuzunguka rana: valvu kubwa imefungwa na kufungiwa kufuli, upande wa chini mbao ama vyuma vya kuzuia maji vimeshuka, maji imetolewa, oili ya gavana imeondolewa presha ndio geti zisijisonge ukiwa katikati yake, breka iko wazi na imevutwa nje, eathi imewekwa. Hewa imepimwa. Mtu amesimama nje ya mlango na haondoki kwenda chai. Tegi ina jina lako na tarehe. Kama mko sita kuna kufuli sita.

Utasikia "hiyo ni dakika tano tu". Mzee mmoja wa shifti, tulikuwa tunamuita tu Baba, alikuwa na jibu moja. Kijana akimwambia hivyo anamnyooshea fomu ya permiti na kalamu, anasema, "Sawa mwanangu, hizo dakika tano ziandike hapa." Hana kelele, hana hotuba, na hakuna mtu aliwahi kupita bila kuandika.

Vitu vingine viwili vinaua mafundi wa umeme wazuri. Moja, CT, ile transfoma ndogo ya kupimia mkondo. Usifungue sekondari ya CT wakati mkondo unapita kwa praimari, volti inayojengeka hapo ni ya kuua, fanya shoti kwanza kwa zile terminali zake. Mbili, ile gesi ya kuzimia moto kwa jenereta. Vituo vingi vinatumia CO2, haina rangi haina harufu, inasukuma hewa nje. Kabla ya kuingia ndani ya nyumba ya jenereta hakikisha hiyo sistimu imefungiwa, na king'ora chake kikilia unatoka, hubebi spana zako.

Usiku wa mvua

Mvua ikinyesha milimani hapa Nyakach kunaweza kuwa na nyota. Maji inafika baadaye, na inafika na kila kitu: mabua ya mahindi, migomba, magogo, chupa za plastiki, mara moja moja mbuzi. Vyote vinakuja kulala kwa vyuma vya inteki. Kitu cha kuangalia ni tofauti ya level ya maji mbele na nyuma ya hivyo vyuma. Ikianza kupanuka, takataka zimeshika, na ukingoja sana vyuma vyenyewe vinaweza kupinda na handaki ikavuta hewa. Kuna mashini ya kukwangua, lakini gogo kubwa linataka watu, kamba na winchi. Vaa laifu jaketi na ufunge kamba hata kama unajua kuogelea tangu utotoni kule ziwani Dunga, mbele ya inteki kuogelea hakusaidii, maji inavuta chini.

Baada ya takataka ni matope. Ile rangi ya kahawia unayoona Sondu wakati wa mvua ni udongo na mchanga mwembamba, na unakula chuma. Sehemu ya kutulizia inashika mchanga mzito, ule mwembamba unapita wote. Utaona machujio ya maji ya kupoza yanaziba kila saa badala ya kila siku: badilisha uende kwa lile la akiba, funga lililoziba, fungua dreni yake ya chini taratibu presha itoke, ndio ulegeze boliti za kifuniko, kwa mpangilio wa kukabiliana na sio kuzunguka moja baada ya ingine. Toa kikapu, osha na maji ya presha kutoka nje kwenda ndani. Angalia gasketi kabla ya kurudisha, iliyopinda itamwaga maji saa kumi usiku. Halafu fungua maji polepole ukitoa hewa. Kazi chafu, mikono inanuka mto siku mbili, lakini beringi zote zinaishi kwa hayo maji. Kuna wakati mto ukichafuka kupita kiasi uamuzi wa maana ni kuzima mashini upishe. Mtu wa mauzo hatapenda. Rana itapenda.

Yadi nayo ina wageni wake, nyoka kwa mitaro ya kebo, nyuki kwa paneli, paka mwitu. Juni 2016 kule Gitaru kwa mto Tana tumbili alipanda paa akaanguka kwa transfoma, ikatrip, mitambo mingine ikazidiwa, megawati zaidi ya 180 zikapotea na nchi nzima ikaenda giza kwa masaa. Tumbili alipona! Watu walicheka sana lakini fundi anayesoma hiyo anauliza fensi ilikuwa na shimo wapi. Kwa raundi ya yadi angalia fensi, funika matundu ya kebo, kata matawi, na usiache maganda ya ndizi hapo baada ya lanchi.

Maisha yenyewe, na kutafuta nafasi

Shifti ni usiku, sikukuu, na Krismasi. Vituo viko mbali na tauni, mtandao unasumbua, na familia ikikaa Kisumu ama Nakuru lazima mkubaliane mapema. Masikio linda, vaa vizuizi vya kelele hata kama wazee hawavai, uliza mzee yeyote wa tabaini kitu, ukilazimika kurudia mara mbili ndio asikie utajua kwa nini.

Kuingia, njia rahisi ni atachimenti ukiwa bado chuoni. Barua ya chuo, bima, nakala za vyeti, na uombe mapema, wengi wanaomba wakiwa wameshafunga shule. Kwa tovuti za kampuni ndio nafasi hutangazwa, sio kwa mtu wa Whatsapp anayesema ana "anko ndani". Ukiulizwa pesa ya fomu, ya medikali, ya yunifomu, omera, toka. Na usikatae kuanzia mahali padogo, majani chai, kiwanda cha sukari chenye tabaini ya mvuke, ama hata kwenda kwa mvuke wa ardhini kule Olkaria, Naivasha, ju beringi, gavana, sinkronaizesheni na permiti ni zilezile, mvuke tu ndio umechukua nafasi ya maji.

Kwa intavyuu ya fundi hawaulizi sana nadharia, mara nyingi swali ni kama hivi: halijoto ya beringi inapanda polepole, utafanya nini? Wengi wanajibu "nazima mashini". Jibu wanalotaka ni mpangilio: linganisha na kipimo kingine kwanza kama sensa yenyewe ni sawa, angalia maji ya kupoza inapita kiasi gani na kama chujio limeziba, angalia level na rangi ya oili, angalia vaibresheni na mzigo, mjulishe wa kontroo rumu wakati unaendelea, omba mzigo ushushwe, na kama inakaribia namba ya kutrip zima kwa utaratibu kabla ijizime yenyewe. Ukipewa karatasi chora, usiongee tu. Beba daftari lako la atachimenti lile la michoro ya mkono, mpe mmoja wa panel alipitie, na vyeti uende na orijino.